Funguo za ukumbi anazo nani?

Kila nikiwaambia marafiki zangu wa Nairobi kwamba nimetoka kusikiliza mazungumzo ya makuchu (yaani mashoga, wasagaji na watu trans) huku New York, najibiwa kitu kimoja, ati maneno matupu hayavunji mfupa, watu wanafukuzwa makwao na wewe unaenda kukaa kwa kiti kusikiliza hotuba. Nawaelewa kabisa. Lakini mimi naamini hivyo viti na hiyo maikrofoni vimeokoa watu wengi kuliko wanavyodhani, hata kwetu, hata ndani ya familia yangu, na leo nimeamua kuandika yote niwe nimemaliza.

Mahali penyewe ni jengo kuukuu liko 208 West 13th Street, Manhattan. Lilikuwa shule, na mwisho mwisho ilikuwa shule ya kufunza vijana mapishi na kazi za meli. Mwaka 1984 mashoga na wasagaji wa jiji walijikusanya wakalinunua kutoka kwa serikali ya jiji kwa dola milioni 1.5. Nimesema walinunua, hawakukodi, na hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kuandika. Watu wanapaita The Center. Kuna vikundi vya walioacha pombe, kuna vijana, kuna wazee, na kuna usiku wa mazungumzo ambapo mtu anasimama mbele anaongea halafu maikrofoni inapitishwa kwa watu.

Sasa sikiliza hii. Tarehe 10 Machi 1987 kulikuwa na usiku kama huo, aliyepangiwa kuongea ni Nora Ephron, akakosa, ndo wakamwita Larry Kramer azibe pengo. Kramer alikuwa mwandishi, mtu wa hasira, miaka mitano nyuma yeye na wenzake walikuwa wameanzisha GMHC ya kuhudumia wagonjwa wa ukimwi na sasa alikuwa amechoka kuzika watu. Akaambia theluthi mbili ya ukumbi isimame. Wakasimama. Akawaambia nyinyi mliosimama mnaweza kuwa mmekufa kabla miaka mitano haijaisha. Halafu akawauliza, tuanzishe kikundi kipya cha kupigana kisiasa ama hatuanzishi? Siku mbili baadaye watu kama 300 wakarudi na ACT UP ikazaliwa, na tarehe 24 ya mwezi huohuo walikuwa wameshafunga barabara Wall Street, watu 17 wakashikwa, kisa ni AZT, dawa ya kwanza ya ukimwi, ambayo ilikuwa imepitishwa siku chache tu nyuma na bei yake ni kama dola 10,000 kwa mwaka. Septemba 1989 wengine wakapenya hadi ndani ya soko la hisa wakajifunga minyororo kwa roshani, siku chache baadaye kampuni inayotengeneza AZT ikashusha bei kwa asilimia 20.

Kuna mzee niliyekuwa namhudumia kazini (mimi ni caregiver, kazi ya wengi wetu huku) ambaye alikuwa anaenda kwa hiyo mikutano ya Jumatatu jioni. Alikuwa ananisimulia nikimsugua miguu kwa losheni, pole pole, anasahau jina la dawa aliyokunywa asubuhi lakini jina la nani alikuwa amekaa wapi mwaka 1988 hasahau. Aliniambia kila mkutano ulianza kwa kuuliza kama kuna polisi ndani ajitambulishe. Aliniambia joto la Julai watu wamebanana ukutani na hakuna aliyetaka kutoka nje maana ukitoka utapitwa na kura. Na alikuwa anamtaja sana Iris Long, mama mtaalamu wa kemia, hakuwa hata msagaji, alikuja tu siku moja akaona hawa vijana wana moto lakini hawajui dawa inapimwaje, akaanza kuwafundisha. Wakasoma. Wahudumu wa baa, wachoraji, watu wa ofisi, wote wakasoma mambo ya majaribio ya dawa mpaka Oktoba 1988 wakaenda kuzingira makao ya FDA, idara ya serikali ya Marekani inayopitisha dawa, kule Maryland wakiwa wanajua wanachotaka kwa mistari, sio kupiga kelele tu. Halafu baadaye watu wakazidi sana, mikutano ikabidi ihamie ukumbi mkubwa wa Cooper Union.

Hayo yote yalitoka kwa mazungumzo ya jioni moja, na mtu mwenyewe aliyeongea hakuwa hata ndiye aliyepangwa.

Na sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Dawa za mchanganyiko zilipoanza kufanya kazi mwaka 1996 wazungu wakaanza kuamka vitandani, sisi tukaendelea kuzika. Kwetu Siaya nakumbuka Jumamosi zilikuwa za matanga, Jumamosi baada ya Jumamosi. Moi alitangaza ukimwi ni janga la kitaifa Novemba 1999, tumeshaisha. Lakini mwaka huohuo, Juni, Al Gore, makamu wa rais wa Marekani, akizindua kampeni yake ya urais watu wa ACT UP walikuwa hapo wanampigia kelele kwa sababu serikali yao ilikuwa inaibana Afrika Kusini isitafute dawa za bei nafuu. Na kule Cape Town Zackie Achmat, shoga ambaye hajawahi kujificha, alikuwa ameanzisha TAC, kikundi cha kudai dawa za ukimwi, tarehe 10 Desemba 1998, akakataa kumeza ARV zake mwenyewe mpaka wananchi wa kawaida wazipate hospitali za serikali. Mwaka 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ikasema inaweza kutoa dawa za mwaka mzima kwa dola 350, na Kenya bunge likapitisha sheria ya kuruhusu dawa kama hizo ziingie.

Sisemi ACT UP peke yao ndo walileta dawa Kenya, hapana, walikuwepo wengi, na Wakenya wenyewe wenye virusi walipigana sana. Ninachosema ni kwamba mjomba wangu alianza kumeza ARV wakati familia ilikuwa imeanza kuulizana habari ya jeneza, na leo anafuga ng'ombe, ni mzee wa kanisa, na hataki kabisa kuona watu kama mimi. Simsuti. Nampenda na nashukuru yuko hai. Ningependa tu siku moja ajue ile dawa ilipita mikono ya nani.

Sasa nirudi kwa lile la kununua.

Kuna jioni nilienda kusikiliza dada wa Uganda anayeomba hifadhi huku, jina nitaliacha. Aliongea vizuri sana, bila kulia, alieleza ile sheria ya kwao ya 2023 ya kupinga ushoga kifungu kwa kifungu. Watu wakauliza maswali ya kawaida, unajisikiaje, tunaweza kusaidiaje, halafu akasimama bibi mmoja mzungu, nywele nyeupe, mkongojo umeegemezwa kwa kiti cha mbele, akauliza swali fupi: huko Kampala mlikuwa mnakutana wapi, na funguo alikuwa nazo nani? Yule dada akanyamaza kidogo, akasema, mwenye nyumba.

Hapo ndo nilielewa kitu. Ile sheria ya Uganda haikuenda kwa watu peke yao, ilienda pia kwa mwenye nyumba. Anayekodisha nyumba au kuacha mahali pake patumike na sisi alikuwa anaweza kufungwa. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo Aprili 2024, pamoja na kile cha kulazimisha majirani kuripoti, lakini sheria yenyewe ikabaki, na hofu ya wenye nyumba haifutwi na jaji. Na sio mambo ya juzi, Februari 2012 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliingia mwenyewe kwa warsha ya makuchu hotelini Entebbe akaivunja. Mwaka 2022 SMUG, shirika la makuchu wa Uganda, ikaamriwa ifunge shughuli zake. Hawa watu wanajua umuhimu wa chumba kuliko sisi wenyewe tunavyojua, ndo maana wanaanza na mlango.

Nairobi pia nimeyaona. Tulikuwa tumepanga jioni ya mazungumzo, deposit imelipwa, wazungumzaji wamethibitisha, kuna mtu ametoka Mombasa na basi la usiku, halafu jioni ya kuamkia siku yenyewe meneja wa hoteli anapiga simu ati amesikia ni mkutano wa nini na bosi hataki. Hakuna kurudishiwa pesa. Tukaishia kwa sebule ya rafiki, watu wamekaa mpaka jikoni, mlangoni viatu vimejaa kama kuna msiba, na mazungumzo yote tukayafanya kwa kunong'ona kwa sababu ya majirani, na mtu hawezi kunong'ona hotuba, jamani, hotuba inataka sauti, inataka mtu acheke kwa nguvu, mwingine aseme hapana sikubaliani na wewe. Vile tunafanya sasa ni kutumiana lokesheni kwa WhatsApp dakika za mwisho na kuombeana yule mgeni mpya aliyeletwa na fulani awe mtu mzuri.

Ukitaka kujua tofauti, panda ghorofa ya pili pale 13th Street. Kuna chumba kilikuwa choo cha wanaume, na Mei 1989 Keith Haring alikichora kuta zake, mistari myeusi kwa ukuta mweupe, miili ya wanaume imepindana inapendana bila haya hata kidogo, nyingine nimeangalia nikageuka kwanza. Februari iliyofuata akafa na ukimwi. Hebu niambie ni hoteli gani au mwenye nyumba gani angekubali uchore hivyo kwa ukuta wake, na auache miaka yote hii.

Lakini nisiwape nusu ya habari. Kununua jengo hakumalizi kila kitu. Katikati ya miaka ya 90 Sylvia Rivera, yule mama trans tunayemuweka kwa mabango kila Juni, alipigwa marufuku kuingia pale The Center kwa miaka kadhaa kwa sababu usiku wa baridi alienda kudai kwa ukali kwamba wawachukue vijana makuchu waliokuwa wanalala nje. Na mwaka 2013 mwandishi Sarah Schulman, ambaye alikuwa ACT UP tangu zile siku za mwanzo, alinyimwa ukumbi wa kusoma kitabu chake kinachohusu Palestina kwa sababu uongozi ulikuwa umekataza vikundi vinavyoongelea mambo hayo. Watu wakapiga kelele sana, katazo likaondolewa mwezi huohuo. Kwangu hilo linaniuma kuliko habari ya hoteli, maana hoteli haikuwa yetu. Nyumba ikiwa yenu na bado mwenzenu anafungiwa nje, hapo mmekosea wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo swali la yule bibi haliishi mkishapata jengo, linabaki palepale, funguo anazo nani, na nani anaweza kumnyang'anya akikosea.

Sasa sisi Wakenya jamani, kitu tunajua ni chama. Kina mama kumi wakianza na mia tano mia tano, ukirudi wana ploti Kitengela na hati iko kwa jina la chama. Kwa nini sisi hatujafika hapo? Sababu kubwa ilikuwa ni jina, kwamba kikundi chetu hakingesajiliwa kwa jina lake, kila kitu kikae kwa jina la mtu binafsi, na mtu binafsi akikosana na wenzake au akihamia Canada mali inaenda naye. Lakini tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilisema kwamba kuwanyima NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji Kenya, usajili ni ubaguzi, na Septemba mwaka huohuo ikakataa ombi la mbunge Peter Kaluma la kuupitia upya ule uamuzi. Vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyotuadhibu kwa kulala na mtu wa jinsia yetu, bado vipo, najua, mwaka 2019 High Court ilikataa kuvifuta. Lakini kikundi kinachoweza kusajiliwa kinaweza kuwa na akaunti na kinaweza kununua ploti. Si lazima iwe jumba la ghorofa. Chumba kimoja kinachoingiza watu 60, choo kinachofanya kazi, mlango wa pili wa kutokea, ukuta mrefu, mlinzi mnayemlipa vizuri. Na kwa katiba ya kikundi muandike kabisa, mbele, kabla hamjapaka rangi, kwamba hakuna kamati inayoweza kumfungia mtu nje bila wanachama kupiga kura.

Na mazungumzo ya kwanza nataka yawe ya nesi. Simaanishi mwanaharakati kutoka nje wala profesa, nataka nesi wa zile drop-in center, vituo vya afya vya watu kama sisi, za Kisumu au Mtwapa zilizofungwa baada ya Trump kusimamisha misaada Januari 2025, asimame mbele atueleze wateja wake walienda wapi, nani ameacha dawa, PrEP, dawa ya kujikinga na virusi, inapatikana kliniki gani sasa hivi na ni nesi gani hatakutazama vibaya ukiingia. Dakika ishirini aongee yeye, saa nzima iliyobaki maikrofoni izunguke. Kama mwisho kuna mtu atasimama aulize tunaanzisha kitu ama hatuanzishi, mimi kura yangu tayari anayo, na mchango wa mwezi wa kwanza pia.