Siku Moja ya Kutafuta Mafunzo ya Huduma ya Kwanza Lubumbashi

Saa 1:00 asubuhi

Nafungua ofisi ya karakana yetu katika Mtaa wa Viwanda, komine ya Kampemba. Tunachomelea vyuma na kutengeneza malori yanayobeba shaba, na kuanzia asubuhi hadi jioni mafundi wanashika umeme, gesi na vyuma vya moto. Mkurugenzi amenikabidhi shughuli moja kwa siku ya leo: nitafute mahali ambapo watu wetu watafundishwa huduma ya kwanza, pamoja na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Ni mimi niliyemwomba. Kiangazi kilichopita, katika karakana nyingine ya mtaa huu, kijana alinaswa na umeme. Waliokuwapo walimmwagia maji, wakampakia kwenye gari na kukimbilia hospitali, na njia nzima hakuna aliyegusa kifua chake. Walimpenda na walikimbia kadiri walivyoweza. Hakuna aliyekuwa amewafundisha.

Saa 2:00 asubuhi

Kabla ya kupiga simu yoyote nazunguka karakana nikiwauliza mafundi ni ajali zipi wanazoziona mara kwa mara. Naona mafunzo yanapaswa kuanzia hapo, kwa sababu mwalimu asiyejua kazi ya watu atawafundisha mambo ambayo hawatayahitaji. Wananitajia cheche machoni, vidole vilivyokatwa na msumeno wa chuma, na zaidi ya yote kuungua. Fundi mmoja ananionyesha kovu kwenye mkono wake wa kushoto na kueleza kwamba siku ile alipakwa dawa ya meno, kisha mafuta ya mawese. Kidonda cha moto kinataka maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 ikiwezekana, kisha kifunikwe kwa kitu safi. Dawa ya meno na mafuta hushikilia joto ndani ya ngozi na kumpa muuguzi kazi ya kuvibandua. Bomba la maji liko hatua chache tu kutoka meza ya kuchomelea.

Fundi mkuu, Papa ambaye wote tunamsikiliza, ananiambia: «Mama, usituletee mtu wa kusoma karatasi. Atuonyeshe, na sisi tufanye mbele yake.» Naandika maneno yake juu ya ukurasa, yawe kipimo cha siku nzima.

Saa 3:30 asubuhi

Napiga simu. Kwa kila anayepokea nina maswali yaleyale: kila mwanafunzi atakandamiza manekini, yaani sanamu la mtu la kufanyia mazoezi, kwa mikono yake, na kwa muda gani? Anayefundisha ni nani, na yeye mwenyewe alirudia mafunzo lini? Cheti kinadumu muda gani? Vyeti vingi vya fani hii hutolewa kwa miaka miwili, lakini mikono huanza kusahau baada ya miezi michache tu, kwa hiyo nauliza pia kama wanarudi kuwakumbusha watu.

Kituo cha kwanza kinanijibu kwamba tutatazama picha ukutani kwa saa mbili, kisha kila mtu atapewa cheti. Nauliza kuhusu manekini. «Cheti mtapata, Mama, usiwe na wasiwasi.» Namshukuru na kukata simu. Najua kampuni za migodi hudai karatasi hizo kwa wakandarasi wao, na ninaelewa jinsi biashara ya namna hii ilivyopata wateja. Lakini kumpa mtu cheti cha kuokoa maisha wakati hajawahi kukandamiza kifua hata kimoja ni kumweka yeye na wenzake hatarini, na sitakubali fedha za karakana zitumike hivyo.

Saa 5:00 asubuhi

Nachukua basi dogo hadi mjini, kwenye Msalaba Mwekundu. Shirika hili lilitokana na kazi ya Henri Dunant, aliyeshuhudia majeruhi wa vita vya Solferino mwaka 1859 wakihudumiwa na wanakijiji wasio madaktari, na mpaka leo wanaofundisha huduma ya kwanza ni watu wa kujitolea kutoka mitaani mwetu wenyewe. Wananipokea vizuri na kuniruhusu niketi nyuma wakati kikundi cha vijana kikifanya mazoezi.

Manekini imelazwa chali juu ya mkeka. Msichana anapiga magoti ubavuni mwake, anagusa mabega na kuita kwa sauti, anatazama kama kifua kinapanda, kisha anamwelekeza mwenzake kwa jina akapige simu. Mwalimu anasisitiza jambo ambalo watu wengi hawalijui: mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kukoroma au kuvuta pumzi za hapa na pale kwa muda, na huko si kupumua. Msichana anaweka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa, anaweka mkono wa pili juu yake, ananyoosha viwiko na kuanza. Mwalimu anamsimamisha. Anakandamiza kwa nguvu za mikono, na kwa namna hiyo atachoka haraka; anaambiwa asogeze mabega yawe juu ya viganja moja kwa moja ili uzito wa mwili ufanye kazi. Anaanza tena, na sasa manekini inatoa mlio mdogo kila mara, ishara kwamba amefika kina cha kutosha, yaani sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima.

Mwendo ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, na baada ya kila mikandamizo 30 mgonjwa hupuliziwa pumzi mbili. Kifua lazima kiachwe kirudi juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo moyo unapojaa damu. Kila baada ya dakika mbili wanapokezana. Njia hii ya kukandamiza kifua bila kukipasua ilielezwa mwaka 1960 na watafiti wa Baltimore, Marekani, na haidai chombo chochote, jambo ambalo kwa karakana isiyo na mashine ya kushtua moyo lina uzito mkubwa. Dakika mbili zinapoisha msichana anatokwa jasho. Hiyo ndiyo sura ninayotaka kuiona kwa mafundi wetu.

Saa 7:30 mchana

Bukari na sombe, haraka, kisha barabarani tena.

Saa 8:30 mchana

Muuguzi wa kitengo cha dharura, ambaye pia hufundisha, ananipa nusu saa. Yeye ndiye wa kwanza leo kuniuliza swichi kuu ya umeme iko wapi. Anasema hatafundisha juu ya kunaswa na umeme mbali na swichi hiyo: kila fundi atembee kutoka meza yake hadi hapo, aikate, ndipo amguse mwenzake, kwa sababu anayemshika aliyenaswa kabla ya umeme kukatwa huongeza idadi ya wa kuokolewa. Anataka pia kuzungumzia mbabula, majiko yetu ya makaa. Katika usiku wa baridi wa mwezi wa 6 na wa 7 walinzi huziingiza ndani na kufunga mlango, na hewa ya makaa huwalevya bila harufu wala dalili wanayoitambua. Wa kuwaokoa afungue mlango kwanza na kuwatoa nje, asipige magoti humo ndani.

Saa 10:00 jioni

Naandika pendekezo kwa mkurugenzi: Msalaba Mwekundu kwa mafunzo ya msingi, kwa vikundi vidogo, siku za Jumamosi, muuguzi kwa mazoezi ya umeme na moto ndani ya karakana yenyewe, kurudia kila baada ya miezi 6. Nakumbusha kwamba Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai kamati ya usalama na usafi kazini, na kwamba kamati yetu ndiyo itakayotunza orodha ya waliofundishwa.

Fundi mkuu anapita kunawa mikono na kuuliza kama wamama wanaouza chakula mbele ya lango wanaweza kuingizwa, kwa kuwa wao wako hapa kila siku na moto wao hauzimiki. Naongeza majina yao kwenye orodha, napiga simu Msalaba Mwekundu kuuliza kama nafasi zinatosha, na wanakubali.