Shule Iliyo Katikati ya Phnom Penh

Dereva wa bajaji kando ya mto Tonle Sap mjini Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, alinitajia nauli ya kumbukumbu mbili za mauaji, Tuol Sleng na Choeung Ek, kwa pamoja, kama kondakta anavyotaja vituo, nami nikakubali upesi kuliko ilivyonipasa.

Tuol Sleng imezungukwa na nyumba za watu, na honi za pikipiki husikika hadi ndani ya uzio. Ilikuwa shule ya sekondari mpaka Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala Kambodia kuanzia 1975 hadi 1979, walipoigeuza gereza la S-21, ambamo walipitishwa watu zaidi ya 12,000 na wakanusurika wachache mno. Mimi ni mwalimu, na kilichonikaba koo si picha za wafungwa, ingawa zimejaa ukutani, bali madarasa yaliyogawanywa kwa matofali kuwa vijumba vyembamba, na mlingoti wa mazoezi ya viungo uani, ambao uligeuzwa wa kuning'inizia watu. Mkuu wa gereza, Kaing Guek Eav, aliyejulikana zaidi kwa jina la Duch, alikuwa mwalimu wa hisabati. Maungamo yaliyotolewa chini ya mateso aliyasoma ukurasa kwa ukurasa na kuyaandikia maelezo pembeni, kama asahihishaye madaftari. Nilikaa muda mrefu nikiiangalia mikono yangu.

Utotoni, Unguja, nilikuwa nikiwacheka wageni waliopiga picha Mkunazini, penye soko la zamani la watumwa. Siku ile simu yangu ilibaki mfukoni, ingawa sidai kwamba hilo lilinifanya bora kuliko wao.

Choeung Ek, kilomita kama 15 nje ya mji, ambako wafungwa wa S-21 walipelekwa kuuawa, kuna mnara wenye mafuvu zaidi ya 5,000, na mvua ikinyesha vipande vya nguo na mifupa hutokeza udongoni. Kuna pia mti uliotundikwa kipaza sauti, ili muziki uzifunike sauti za waliokuwa wakiuawa.

Jioni tulirudi mjini, mji ambao tarehe 17 Aprili 1975 wakazi wake wote walianza kufukuzwa kwa mtutu wa bunduki, hata wagonjwa waliokuwa hospitalini. Ukingo wa mto ulikuwa umefurika wauza vyakula, watoto na vijana, na mbele ya kipaza sauti kinachovuma, akina mama kadhaa walikuwa wakifanya mazoezi kwa mistari. Mmoja wao aliniashiria niingie mstarini, lakini muziki ule ulikuwa bado unanitisha, nikabaki nimesimama kando na viatu vyangu vyenye vumbi la Choeung Ek.