Intaneti ya kupiga simu kwenye Windows 98, mtoa huduma ukiwa wewe mwenyewe

AOL ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, na hata kabla ya hapo laini nyingi za shaba zilikuwa zimeshakatwa. Mwenye kompyuta ya Windows 98 na modemu nzima ana kila kitu isipokuwa namba ya kupiga. Namba hiyo unaweza kuitengeneza nyumbani: modemu ya pili kwenye Raspberry Pi au kompyuta yoyote ya Linux, na katikati adapta ya VoIP (simu kupitia mtandao) yenye matundu mawili ya simu. Adapta ndiyo inayotoa umeme wa laini, mlio wa kupigia na kengele.

Kwanza modemu ya upande wa zamani. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya nje inayochomekwa kwenye poti ya siriali, kama US Robotics Sportster au Courier. Ina taa, na taa zinakuambia mengi kuliko Windows. Kadi nyingi za ndani za PCI ni modemu nusu tu: kazi kubwa imeachiwa prosesa na draiva, na draiva ikipotea kadi haina kazi. Kwenye DOS nyingi hazifanyi kazi kabisa.

Kebo ya modemu ya nje iwe ya moja kwa moja, pini 9 upande wa kompyuta na 25 upande wa modemu. Kebo ya kuunganisha kompyuta mbili ina nyaya zilizopishanishwa; ukiitumia, modemu itabaki kimya. Iwe pia na nyaya zote, si tatu tu, maana bila RTS na CTS modemu haina namna ya kuiambia kompyuta isubiri. Utaunganika vizuri, halafu kila faili kubwa litakwama katikati.

Usiende kwenye Dial-Up Networking bado. Fungua HyperTerminal, programu ya kuiandikia modemu amri (kama haipo, iongeze kupitia Add/Remove Programs, sehemu ya Communications), chagua COM1 au COM2 moja kwa moja, kasi 115200, kisha andika AT. Jibu linatakiwa kuwa OK. Herufi zisipoonekana lakini OK ikaja, andika ATE1. Ukipata ukimya mtupu, kosa liko kwenye kebo, poti au mgongano wa IRQ (namba ambayo kifaa hutumia kumwita prosesa). COM1 na COM3 hugawana IRQ 4, COM2 na COM4 hugawana IRQ 3. Kadi ya ndani iliyowekwa COM3 huku kipanya kikiwa COM1 ni ugomvi wa uhakika: ukisogeza kipanya, simu inakatika. Hamisha jampa za kadi, au zima poti usiyoitumia kwenye BIOS.

Kama mashine ni 486 au ya zamani zaidi, angalia UART, chipu inayoendesha poti ya siriali. Kwenye Windows 98 iko Control Panel, Modems, Diagnostics, More Info. Ikisema 16550A, sawa. Ikisema 8250 au 16450, chipu hiyo inahifadhi baiti moja tu, na prosesa ikichelewa kidogo baiti inayofuata inaifuta. Shusha kasi ya poti hadi 19200, au tafuta kadi ya siriali yenye 16550.

Sasa adapta. Zote zenye matundu mawili ya FXS (ya kuchomeka simu) zinafaa, mfano Grandstream HT802. Sajili matundu yote mawili kwenye Asterisk, programu ya kuunganisha simu, ndani ya Raspberry Pi ileile, namba 101 kwa Windows na 102 kwa Linux. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu mipangilio ya kiwandani ni ya sauti ya binadamu. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ibaki moja tu, PCMU au PCMA. G.729 inabana sauti kwa namna inayomfaa mtu anayeongea, lakini huivuruga kabisa ishara ya modemu. Kwenye Asterisk weka disallow=all kisha allow=ulaw (ulaw ndiyo PCMU; kwa PCMA andika alaw). Zima kukandamiza ukimya, zima kufuta mwangwi, zima simu ya kusubiri, na bafa ya jita (hifadhi ya muda inayosawazisha pakiti za sauti zinazochelewa) iwe ya kudumu badala ya kubadilikabadilika. Bafa inayojirekebisha huruka au kurudia kipande kidogo cha sauti. Sikio halisikii, modemu inaona laini imeruka na kuanza kujipanga upya. Adapta na Raspberry Pi ziunganishwe kwa kebo ya mtandao, si Wi-Fi.

Upande wa Linux, US Robotics USR5637 ya USB haihitaji draiva maalumu. Inatokea kama ttyACM0. Sakinisha mgetty (inayopokea simu) na ppp (inayopitisha intaneti juu ya simu hiyo), iendeshe mgetty kwa -D -s 115200 ttyACM0, kisha kwenye /etc/mgetty/login.config weka:

/AutoPPP/ - a_ppp /usr/sbin/pppd file /etc/ppp/options.simu

Faili la options.simu linatosha kuwa hivi:

require-pap
crtscts
modem
asyncmap 0
192.168.99.1:192.168.99.2
ms-dns 1.1.1.1

Jina na nywila viingie /etc/ppp/pap-secrets, mstari mmoja: mgeni * "nywila" *. Mwisho ruhusu pakiti zipite:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE

Rudi HyperTerminal na andika ATDT102. Utasikia tarakimu, kengele, kisha mlio mrefu wa 2100 Hz wa modemu inayojibu, halafu zile kelele. CONNECT ikitokea, laini ni nzima, na tatizo lolote litakalofuata ni la programu. NO DIALTONE maana yake modemu haiutambui mlio wa adapta: jaribu ATX3DT102, ambayo inapiga bila kuusubiri. Mlio wa kukatikakatika, unaoashiria ujumbe wa sauti uliohifadhiwa, nao huleta jibu hilohilo. NO CARRIER baada ya kelele nyingi ni kodeki au bafa. Modemu zikikataa kuelewana, shusha lengo: AT+MS=V34 kwa modemu zinazoikubali, na ATS10=50 ili isikate kwa kupoteza ishara kwa muda mfupi.

Usitegemee 56K. V.90, kiwango cha 56K, inahitaji upande wa mtoa huduma uwe wa kidijitali moja kwa moja. Modemu mbili za analogi kikomo chake ni 33600. Na ukiona CONNECT 115200, hiyo ni kasi ya kebo ya siriali, wala si ya laini.

Baada ya hapo Windows ni kazi fupi. Kwenye Network hakikisha kuna Dial-Up Adapter na TCP/IP. Tengeneza muunganisho mpya, namba 102, na uondoe tiki ya kutumia namba ya eneo (area code), la sivyo Windows itabandika tarakimu zake mbele. Kwenye Server Types ondoa tiki za Log on to network, NetBEUI na IPX/SPX. Zikibaki, utasubiri bure kwenye kuhakiki jina. Ondoa pia Require encrypted password, kwa kuwa tunatumia PAP, inayotuma nywila bila kuisimba.

Windows ikitoa namba ya kosa: 680 ni kukosekana kwa mlio wa kupigia. 678, upande wa pili haujibu, angalia kama mgetty inaendesha. 630 na 633 ni poti: modemu haijibu, au HyperTerminal bado iko wazi. 691 ni jina au nywila, na herufi kubwa na ndogo zina tofauti. 720 kwa kawaida ni TCP/IP iliyoharibika. Iondoe pamoja na Dial-Up Adapter, washa upya, uvirudishe.

Ukishaunganika, megabaiti moja itachukua dakika nne hadi tano. Kikwazo kikubwa zaidi ni HTTPS: Internet Explorer ya enzi hizo haielewi usimbaji wa leo, hivyo tovuti nyingi zitagoma hata laini ikiwa safi. Anza na frogfind.com kwa http, ambayo hutafuta na kuzipunguza kurasa ziwe maandishi matupu, au weka proksi ya WebOne kwenye ile Raspberry Pi ili ifungue HTTPS na kuikabidhi Windows 98 kurasa inazozielewa.