Karafuu ilinisaidia, mafuta ya korosho yakaniunguza

Mwaka wa tatu huu sijatoboka jino jingine, na nalisema kwa kujidai, maana hapa Tandahimba nilishauriwa mengi na moja nusura linimalize mdomo.

Ulikuwa msimu wa korosho. Gego la chini likawa linapwita usiku kucha. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, akaniambia, "Mwanangu, chovya pamba kwenye mafuta ya ganda la korosho, shindilia kwenye tundu, mdudu atakufa." Tangu utotoni nabangua korosho kwa kujipaka majivu mikononi kwa kuyaogopa mafuta hayohayo, lakini jino likiuma akili huhama. Nikapasua ganda bichi, nikapata tone moja kwenye pamba. Mwanzo nilidhani nimepona, kumbe ule moto ulikuwa umefunika maumivu. Asubuhi mdomo wa chini umeumuka kama andazi, fizi imekuwa nyeupe, ngozi ya ulimi inabanduka. Siku nne nilikunywa uji uliopoa, na jino likapwita vilevile!

Nikapanda basi hadi Mtwara mjini. Daktari wa meno aliniambia hakuna mdudu: ni bakteria wanaokula sukari tunayokula na kutoa tindikali inayolainisha jino. Akasema tindikali iliyomo kwenye ganda la korosho kweli huwaua bakteria hao maabara, ila mdomoni inaunguza na fizi. Kisha akaziba tundu kwa dawa ya muda, nami nikasikia harufu ya pilau. "Daktari, hii si karafuu?" Ndiyo, dada, akasema, ni yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, kimechanganywa na unga wa zinki, hutuliza mshipa wa jino. Nilifurahi mno. Lakini alinionya kwamba karafuu hutuliza tu, tundu haiwezi kulifunga. Nilirudi kuzibwa kwa kudumu, na pamoja na nauli sidhani kama ilizidi elfu themanini.

Tangu hapo mswaki wa mti haunitoki. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliupendekeza mwaka 1986. Wengi hukosea kutumia ncha moja wiki nzima hadi inanuka. Mimi huloweka kijiti, namenya kama sentimita moja, natafuna hadi nyuzi zichanue, na kesho yake nakata ncha hiyo na kumenya mpya. Nasugua toka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, taratibu.

Usiku ni dawa ya meno yenye floridi. Wanaoniambia floridi ni sumu ya kiwandani wakawaulize watu wa Arusha na Meru, ambako imo ardhini kwa wingi hadi maji ya visima yanatia meno rangi ya kahawia. Ikizidi ni balaa, ikiwa ya kiasi inaimarisha jino. Nikimaliza natema povu, sisukutui maji, ili floridi ibaki kwenye meno. Hili hakuna aliyewahi kunifundisha kabla, na linaniudhi hadi leo.

Chai nakunywa ya rangi, bila sukari. Kashata na ubuyu wa rangi tunakula mara moja baada ya chakula, si kumung'unya kutwa.

Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la pili alikaguliwa meno. Magego yake manne ya kwanza ya ukubwani yameota yote, na hakuna hata moja lenye doa.