Nilivyofunga waifai ya watoto kwenye chumba cha kusomea mtaani

Hapa Tanga mtaani kwetu kuna chumba cha kusomea watoto, wanakuja wakitoka shule, na kuna tableti chache tulizopewa, sasa kamati wakaniambia wewe ndo unajua mambo ya kompyuta tufungie waifai. Nikawaambia sawa ila hawa watoto siwaachii intaneti yote, mtu mzima tu akiingia humo kutoka shughuli, sembuse mtoto wa darasa la tatu.

Nikachukua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, nikaweka Kiwix ambayo ni programu ya bure ya kusomea tovuti bila intaneti, nikashusha Wikipedia ya Kiswahili na yale majaribio ya sayansi ya PhET ya kuchezea kwenye skrini, vyote viko kwenye memori kadi. Pi nimeichomeka kwa waya kwenye rauta, mtoto anafungua brauza anasoma na bando haliliwi kabisa, mtandao wao hauna intaneti kwa hiyo hata akibofya hovyo hatoki nje ya humo.

Kazi ilikuwa kwenye signo. Rauta yetu inarusha waifai kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 2.4 GHz inapenya kuta, ukiiacha inafika mpaka barabarani na mimi sitaki watu wazima wageuze dirisha la watoto kijiwe. Nikaizima nikabaki na 5 GHz ambayo ukuta unaipunguza sana, halafu nikashusha nguvu ya rauta, sasa ukitoka mlangoni hatua chache inakata. (Angalia kwanza tableti zenu, za zamani nyingi zinashika 2.4 tu.) Nikawasha na ile setingi ya kutenganisha vifaa ili tableti moja isiingilie nyingine.

Siku ya video dada mlezi anawasha intaneti kwenye kompyuta yake peke yake, DNS, yaani ile huduma inayotafuta anwani za tovuti, nimeweka 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare inayozuia mambo ya kikubwa, ila haichuji kila kitu cha YouTube kwa hiyo lazima akae nao.

Juzi mtoto wa mvuvi alikuwa anawasomea wenzie habari za pweza, kila sentensi anasimama anaongeza ya kwake aliyoyaona baharini na babake, wamejazana kwenye tableti moja na nyingine zimelala mezani. Nilifurahi jamani!

Umeme ukikatika Pi inakula pawabenki ya kawaida ya simu, rauta ndo inahitaji betri yake, hiyo bado tunaichangia.