Hasha, Bwana

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Somo la wiki hii ni Matendo 10, ila kabla hamjafungua Biblia niwaambie kilichonipata maana ndo kimenipeleka huko.

Mtoto wa dada yangu alikuja kutusalimia, kijana mzuri tu, ana heshima zake, ila siku hizi anasema haamini Mungu. Mimi nikaona nafasi ndo hii, tumemaliza kula nikaanza naye, uumbaji, dhamiri, kaburi tupu, yaani nilimwaga vyote, na yeye anasikiliza kwa adabu wala hanikatishi. Nilipofika mwisho akaniuliza, "Sawa mjomba, na wewe je, kitokee kitu gani useme kumbe nilikosea?" Nikamjibu fasta tena kwa kujidai kidogo, hakuna! Akacheka, "Basi shikamoo mjomba, kumbe hatuongei, unanitangazia tu."

Sikukubali, nikamgeuzia swali hilohilo. Akafikiri akasema hata aone mtu aliyezikwa anatoka kaburini atajua tu macho yamemdanganya. Nikamwambia umeona, na wewe umefunga mlango, tena Yesu alishawasema watu wa namna hiyo kwenye habari ya tajiri na Lazaro, Luka 16:31, "hawatashawishwa hata mtu akifufuka katika wafu." Nikajiona nimefunga bao. Usiku sasa niko kitandani ndo nakumbuka Yesu pale alikuwa anaongea na Mafarisayo, watu wa dini, wenye Musa na manabii kichwani. Wapagani hawakuwa kwenye hiyo habari kabisa.

Mnakumbuka mwaka 2021 kule Kenya, katibu wa chama cha wasioamini Mungu, Atheists in Kenya, alijiuzulu kwa sababu amempata Yesu? Tulishangilia sana, mimi niliwatumia watu mpaka bando likaisha. Lakini angalieni wenzake walichofanya, walitangaza wenyewe hadharani, sababu wakaitaja bila kuificha, na wakamtakia heri kwenye uhusiano wake mpya na Yesu Kristo. Hata kama kulikuwa na utani humo ndani, mimi iliniuma, maana mzee wa kanisa akisimama kwetu akasema imani imemtoka tutamtakia heri? Tutasema hakuwa ameokoka tangu mwanzo, au kuna mwanamke hapo, au hela. Anayekuja kwetu ametumia akili, anayetoka karogwa.

Halafu kuna yule Mwingereza, Antony Flew. Baba yake mhubiri wa Kimethodisti, mtoto akaachana na imani akiwa na miaka kama 15, akawa mwanafalsafa, akaandika miaka na miaka kuonyesha hakuna Mungu, halafu 2004, mzee wa miaka 81, akasema sasa anaona kuna Mungu aliyeanzisha ulimwengu, na mambo ya DNA yalichangia kumfikisha hapo. Wenzake wa zamani wengine wakadai ni uzee. Na sisi tulivyombeba! Anatajwa kwenye mahubiri kama vile kabatizwa wakati mwenyewe alisema si Mkristo na hategemei maisha baada ya kifo. Mzee wa watu alifika nusu ya njia akasimama, na hakuna upande uliomwacha asimame kwa amani.

Sasa Petro. Huyu ameshatembea na Bwana, Pentekoste ameshahubiri watu elfu tatu wakabatizwa, na yuko darini kule Yafa saa sita mchana anasali, njaa inamuuma, anaona maono, shuka inashuka kutoka mbinguni ina wanyama wa kila aina, hata wale Wayahudi waliokatazwa kula, anaambiwa chinja ule, anajibu "Hasha, Bwana." Hebu yasome tena hayo maneno mawili. Hasha. Bwana. Yanakaaje sentensi moja? Na alikuwa na andiko, Walawi 11 inayokataza kula wanyama najisi ipo, hakuitunga. Ile shuka inashuka mara tatu na bado mstari wa 17 unasema anaona shaka, kwa hiyo maono peke yake hayakutosha hata kwa mtume. Ila alishuka, akawakaribisha wageni waliotumwa na Kornelio, askari wa Kirumi, wakalala, kesho yake akaondoka nao mpaka Kaisaria, akaingia nyumba ya mtu asiye Myahudi, ambayo kwa mila zake hakutakiwa kuingia, akauliza mmeniitia nini, halafu (hapa ndo huwa tunaparuka) akanyamaza akamsikiliza huyo askari anasimulia ya kwake. Baada ya hapo ndo mstari wa 34, "Hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo." Natambua, yaani sasa hivi, jana alikuwa hajatambua.

Na hata hapo hakumaliza, nendeni Wagalatia 2, yuko Antiokia anakula na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, vizuri tu, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akahama meza, mpaka Paulo akamsema mbele ya wote. Nashukuru Biblia haikulificha hilo.

Huyo kijana anakuja tena Jumapili, mniombee. Nilishaandaa hoja mpya kabisa nzito nzito, nimeziweka pembeni kwanza. Nataka nimuulize ilianza lini, na ilikuwaje. Masaa mawili yote yale sikumuuliza.