Siku moja maishani mwangu: magari 122 kwenye kiwanja cha magari 60

Saa 12 asubuhi. Niko kwenye daladala, tepu ya mita 50 mapajani. Leo ni Sinza, kuna mzee anataka kufanya kiwanja chake maegesho ya kulipia.

Saa 1:30. Kabla sijamaliza shikamoo, karatasi hii hapa. Kiwanja mita 48 kwa 32, jumla mita za mraba 1,536. Gari moja 2.5 kwa 5, yaani 12.5. Ukigawanya, magari 122. "Wewe injinia nichoree mistari tu."

Saa 2. Tunapima. Vipimo vyake ni sahihi, ila karatasi haikutaja mwarobaini ulioko katikati.

Saa 4. Sasa kazi yenyewe. Gari haishushwi na kreni, lazima ipite na ikate kona. Njia ya magari kupishana inataka mita 6. Safu mita 5, njia mita 6, safu mita 5: jumla mita 16. Kwenye 32 zinaingia mara mbili, safu nne. Zile mbili za ukutani zinabeba 19 kila moja. Za katikati, zilizopeana mgongo, nazikata mita 6 kila mwisho ili njia zikutane. Zinabaki 14, 14. Jumla 66. Geti linakula 3, mwarobaini 2. Nafasi mbili za wenye ulemavu, mita 3.6 kila moja, zinakaa mahali pa 3 za kawaida. Zimebaki 60.

Saa 7. Wali maharage. Mzee kanuna. "Kwenye harusi ya binti yangu zililala hapa zaidi ya mia!" Sawa mzee, na MC alitangaza mara ngapi mwenye gari fulani akampishe mwenzake?

Saa 8. Anataka nafasi zipunguzwe ziwe mita 2.2. Sibishani, namwaga chokaa. IST ya kijana wake huku, Noah ya jirani kule, yeye na V8 yake, yenye upana wa karibu mita 2, katikati. Akaingia vizuri tu. Kutoka sasa. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, kitambi kikakataa. Akashusha kioo.

"Rudisha mbili na nusu."

Saa 10. Kibanda cha mlinzi hakikuwa kwenye hesabu. Bahati nzuri, safu ya getini, ukitoa mita 6 za geti, imebaki na mita 42, magari 16 yanachukua 40. Kibanda kikapata mita zake 2.

"Na tukiukata huo mwarobaini?"

"Zinaongezeka mbili, mzee."

Akautazama. Chini yake mama wa chai alikuwa anaosha vikombe, na V8 ilishahamia kivulini.

"Uache kwanza."